Nyimbo za onyo: Ni nani hasa anayeonywa?

SIFA zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliofuata mwendo wao kwa wema.

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni maana ya nyimbo zinazomwonya mtu anayeelekea kwenye hatari. Nyimbo hizi tunazisikia kila siku katika daladala, madukani, harusini na majumbani mwetu. Watoto wetu wanazijua kwa moyo kuliko wanavyojua masomo yao. Wanazuoni wana maneno mengi kuhusu muziki na ala zake, na wamekhitalifiana katika hilo. Huo ni mlango mwingine ambao leo hatutaufungua. Tunachokitazama ni maneno yenyewe. Mtu anapoimba kumwonya mwenzake, anamwambia nani? Na sisi tunaosikiliza tuna wajibu gani?

Tunauliza hivyo kwa sababu tuna deni letu wenyewe katika jambo hili, na tunaona ni vyema tuanze kwa kulikiri.

Ilivyokuwa Kikatiti

Kikatiti ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, ukishapita Usa River na Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. Ukiendelea mbele kuelekea Moshi unafika njia panda ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, na upande huo ndiko iendako barabara ya Mererani, yanakochimbwa madini ya tanzanite. Hakuna mahali pengine duniani panapojulikana kutoa madini hayo. Kwa hiyo kijana wa Kikatiti hukua akiyaona magari yanayoelekea machimboni yakipita mbele ya macho yake.

Katikati ya miaka ya 2000 tulikuwa hapo Kikatiti baada ya sala ya Ijumaa, tumeketi nje ya duka moja tukinywa kahawa. Redio ya mwenye duka ilikuwa ikipiga wimbo uliovuma sana siku zile, “Starehe”, wa msanii Ferooz akishirikiana na Professor Jay. Ni wimbo wa mgonjwa wa ukimwi anayesimulia jinsi alivyoutumia ujana wake hadi akafikia kitandani. Tulitikisa vichwa sote. Mzee mmoja akasema kwamba maneno hayo ni ya kweli, laiti vijana wangesikia.

Wakati huohuo akaja kijana mmoja wa jirani, begi begani, kutuaga. Mama yake alikuwa amemwambia kwamba anakwenda mjini Arusha kujifunza ufundi. Sisi alitueleza ukweli: anakwenda Mererani, amepata mwenzake wa kumwingiza shimoni. Tulijua shimo ni nini. Tulijua kwamba mwaka 1998 mvua kubwa zilijaza maji katika mashimo ya Mererani na makumi ya wachimbaji wakafa. Tulijua kwamba mwaka 2002 hewa ilikosekana chini ya ardhi na watu zaidi ya thelathini wakakata roho. Tuliyajua yote hayo, na tulichomwambia kijana yule ni, “Allah akuwafikishe.” Tukampa mkono, akapanda gari, nasi tukarejea kwenye kahawa yetu. Wimbo ulikuwa haujaisha.

Alirudi baada ya miaka miwili, amekonda, anakohoa usiku kucha. Vumbi la miamba huumiza mapafu na kumfungulia mtu mlango wa kifua kikuu. Tulikwenda kumjulia hali. Mama yake alitukaribisha vizuri, akatuandalia chai, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

“Wanangu, nimesikia kuwa siku ile aliwaaga. Mlijua anakokwenda. Mbona hamkuja kuniambia?”

Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo, kila tunaposikia wimbo wa onyo hatuwezi tena kutikisa vichwa tu. Tumelazimika kuuliza wimbo ule ulikuwa unamwonya nani.

Sauti nne za onyo

Ukizichunguza nyimbo na tungo za onyo katika Kiswahili, utaona kwamba anayeonya husimama mahali tofauti, na maana ya maneno yake hutegemea pale aliposimama. Tumeona sauti nne.

Ya kwanza ni sauti ya mzazi. Mfano wake mkubwa ni utenzi wa Mwana Kupona binti Mshamu, uliotungwa mwaka 1858 katika pwani ya kaskazini ya Kenya ya leo. Wengi huusoma kama orodha ya adabu za mke kwa mumewe, na kwa hakika adabu hizo zimo. Lakini tazama unavyoanza. Mama ni mgonjwa. Anamwita binti yake asogee karibu, achukue wino na karatasi, kwa kuwa ana neno la kumpa. Mama huyo haoni dalili kwamba atakuwapo kumshika mkono mwanawe katika njia iliyo mbele, na haukupita muda mrefu baada ya utenzi huo akafariki. Anayeusoma utenzi huu bila kukikumbuka kitanda cha mgonjwa huona amri. Anayekikumbuka husikia huruma. Onyo la mzazi hupimwa kwa ukaribu wake na mwana.

Sauti ya pili ni ya mtu anayeuonya moyo wake mwenyewe. Hiyo tunaikuta katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Mshairi anayatazama magofu ya majumba ambayo zamani yalijaa taa, wageni na vyombo vya thamani. Wenyewe wamelala makaburini, na kumbi zao zimekuwa makazi ya popo na wadudu. Angeweza kuwahubiria watu wa Pate juu ya ghururi ya dunia. Badala yake anaugeukia moyo wake na kuuliza kwa nini haujazinduka. Msikilizaji anapousikia utenzi huo hahisi kwamba amenyooshewa kidole. Anahisi kwamba amealikwa kuuliza moyo wake swali lilelile. Hii ndiyo sababu utenzi huo unasomwa hadi leo.

Sauti ya tatu ni ya msimulizi anayetaja yaliyompata mwingine. Hapa tumtaje Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika miaka ya 1880, akauza vyungu katika ujana wake, kisha akawa mwimbaji ambaye sauti yake ilirekodiwa kule Bombay kuanzia mwaka 1928. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Miongoni mwa nyimbo zake mashuhuri ni “Kijiti”, unaosimulia kisa cha kweli cha Zanzibar ya enzi za ukoloni. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa mjamzito, alichukuliwa kwenda katika starehe ya usiku, akauawa. Mtuhumiwa, Kijiti, akatoroka kwenda bara. Kesi ilipofika mahakamani, wanawake waliokuwa mashahidi ndio walioishia gerezani, kwa sababu ya pombe iliyonunuliwa usiku ule.

Je, wimbo huo unamwonya nani? Aliyekufa hasikii. Kijiti amekwisha vuka bahari. Wanaobaki ni wasikilizaji: mwanamke ambaye kesho ataalikwa na watu asiowajua, wenyeji wanaomtoa mgeni nyumbani bila ya kujua watamrudishaje, na hakimu anayemwacha muuaji akaenda zake huku akiwafunga walioona. Hapa ndipo tulipopata ufunguo wa kuzifasiri nyimbo hizi. Jina linalotajwa katika wimbo si lazima liwe la anayeonywa. Anayeonywa ni yeyote ambaye bado anaweza kugeuka, na pamoja naye ni yeyote ambaye bado anaweza kumgeuza mwenzake.

Sauti ya nne ni ya aliyekwisha kuanguka, na hiyo ndiyo sauti ya “Starehe”. Msemaji hana tena cha kujiokoa nacho katika kisa hicho. Anawageukia walio nyuma yake. Nguvu ya sauti hii ni kwamba hakuna anayeweza kumwambia kuwa hajui anachokisema. Hata hivyo ina udhaifu wake, nao ni kwamba msikilizaji huweza kujificha nyuma ya jina la maradhi. Sisi tuliokaa dukani tuliusikia kama wimbo wa ukimwi, na kwa kuwa hatukujiona kuwa miongoni mwa wanaoishi hivyo, tukaona hautuhusu. Kijana aliyekuwa na begi naye aliona vivyo hivyo. Lakini kiini cha wimbo ule ni mtu aliyeona mwisho wa njia baada ya kuifikia, anayewalilia walio mwanzoni mwa njia. Ukiufasiri hivyo, ulikuwa unatuhusu sote pale nje ya duka, dakika ileile.

Onyo na kijembe

Ndugu msomaji, lipo jambo jingine linalohitaji kupambanuliwa. Si kila wimbo unaovaa nguo za onyo ni onyo. Katika taarabu za kisasa tunasikia mashairi mengi yanayomwambia mtu kwamba ataanguka, atajuta na ataaibika. Ukiyasikiliza kwa makini utagundua kwamba mwimbaji anaingojea kwa hamu siku hiyo ya kuanguka. Hicho ni kijembe. Humo ndimo majirani wanamotupiana maneno, mmoja akiongeza sauti ya redio ili mwenzake asikie ukuta wa pili.

Imepokewa kutoka kwa Imam Shafi (r.a.) kwamba anayemnasihi ndugu yake kwa siri amemnasihi na kumpamba, na anayemnasihi hadharani amemfedhehesha. Mizani hiyo inatosha kutofautisha onyo na kijembe. Na Qur’ani Tukufu, katika Surat Taha, inatueleza kwamba Nabii Musa na Harun (a.s.) walipotumwa kwa Firauni waliamrishwa waseme naye kwa upole. Ikiwa Firauni alistahiki upole wakati wa kuonywa, mtoto wa jirani anastahiki zaidi.

Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano ulio wazi zaidi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alijifananisha na mtu aliyewasha moto, wadudu wakawa wanakimbilia kujitosa humo, naye akawa anawazuia. Akabainisha kwamba yeye anatushika viunoni tusiingie motoni, nasi tunamponyoka. Tuutafakari mfano huu vizuri. Mwonyaji hapa yuko karibu kiasi cha kumfikia mtu kwa mkono wake, na anaendelea kushika hata anapoponyokwa. Wimbo unaweza kufanya mengi, lakini hauna mkono wa kushika mtu. Kazi hiyo imeachwa kwa walio hai.

Jahazi liko wapi?

Kuna swali la mwisho katika kufasiri wimbo wa onyo, nalo huwa tunalisahau: je, umeonyesha njia ya kutokea?

Tazama kisa cha Nabii Nuhu (a.s.) katika Surat Hud. Gharika imeanza, mawimbi yamekuwa kama milima, na mwanawe amejitenga mbali. Baba anamwita. Wito wake haukuwa tu kwamba maji yanakuja na utazama. Alimwita apande pamoja nao. Jahazi lilikuwapo, limejengwa tayari, na nafasi ipo. Mwana alikataa, akadhani mlima utamhifadhi, akawa miongoni mwa waliozama. Lakini baba alikuwa ametimiza sehemu zote mbili za onyo: kutaja hatari na kunyoosha mkono kutoka mahali pa salama.

Sasa tujiulize kuhusu vijana wetu wa Kikatiti, Maji ya Chai, King’ori na vitongoji vya Arusha. Tunapowaambia wasiende shimoni, tumewajengea jahazi gani? Kundi la X Plastaz, lililotoka hapahapa Arusha na kujulikana hata nje ya nchi, lina wimbo uitwao “Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki”. Jina la wimbo huo peke yake ni swali zito. Hatusemi kwamba dhiki huhalalisha haramu, kwa kuwa sheria za Allah ziko wazi. Tunasema kwamba mtu mwenye njaa anayeonywa na mtu aliyeshiba ana haki ya kuuliza swali hilo, na jibu lake haliwezi kuwa wimbo mwingine. Jibu lake ni zaka kufika inakotakiwa kufika, fundi kumpokea kijana wa kujifunza, na mjomba mwenye shamba kumgawia sehemu ya kulima.

Hali kadhalika, tujue kwamba wimbo wa onyo una mshindani. Mwezi Juni 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia Serikali mawe mawili makubwa ya tanzanite kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, na habari hiyo ikaenea dunia nzima. Ni riziki aliyopewa na Mola wake, hatumhusudu. Lakini habari ya mmoja aliyepata husafiri upesi, na habari za wengi waliorudi mikono mitupu hubaki majumbani kwao. Mwaka 2008 mafuriko yaliingia tena katika mashimo ya Mererani na makumi ya watu wakapoteza maisha. Vijana wangapi wanaokariri kiasi alicholipwa Laizer wanaujua mwaka huo? Hapo ndipo msimulizi wa kweli anapohitajika, kama Siti alivyohitajika katika mji wake.

La kufanya majumbani mwetu

Tunapendekeza kwa wazazi jambo lililo rahisi. Mtoto anapoimba wimbo wa aina hii, msimkaripie wala msipite kama hamkusikia. Muulizeni maswali manne: Ni nani anayeonya katika wimbo huu? Ni nani anayeonywa? Hatari yenyewe ni ipi? Na njia ya kutokea imeonyeshwa? Kisha mumwachie nafasi naye awaulize. Huenda mkasikia jina la rafiki yake ambalo hamkuwahi kulisikia, au safari ambayo bado haijaanza.

Kwa majirani tunasema: mtoto wa mwenzako akikuaga kwenda mahali unapopajua kuwa pana hatari, dua peke yake haitoshi. Mkalishe chini, na umwombe ruhusa ya kufika kwa mzazi wake. Akikataa, nenda hivyo hivyo kwa adabu. Katika Surat Yasin tunasoma habari za mtu aliyekuja kutoka pembeni mwa mji kuwanasihi watu wake, na Qur’ani imetaja kwamba alikuja akikimbia. Hakungoja aulizwe. Na Waswahili wamesema mchelea mwana kulia hulia yeye. Sisi pale Kikatiti tulichelea kumuudhi kijana wa watu, na kilio kikawa cha mama yake.

Twashukuru kwamba kisa cha kijana yule hakikuishia kitandani. Alitibiwa, akamaliza dawa zake, na afya yake ikarudi kwa kiasi. Leo ni baba wa watoto na ana kibanda cha kutengeneza pikipiki kando ya barabara ileile. Tulipomtembelea hivi karibuni tulimkumbusha siku ya begi na kahawa, tukamtaka radhi. Alicheka kidogo, akasema:

“Ustadhi, ule wimbo hata machimboni tulikuwa tunaupiga kila siku. Mimi nilikuwa najua maneno yote. Ila sikujua kama naambiwa mimi.”

Kisha akatueleza kwamba tangu mwaka 2020 vijana wengi hupita kibandani kwake kumuuliza habari za Mererani. Hawazuii kwa ukali. Huwaketisha, huwaeleza shimo lilivyo, na wale walio tayari huwapa spana waanze kujifunza kazi. Wapo waliobaki, na wapo waliokwenda hata hivyo. Waliokwenda, alituambia, huchukua namba za simu za mama zao.

Tunamuomba Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia nasaha wakaifuata iliyo bora, atupe ujasiri wa kuwaonya tuwapendao kwa upole kabla ya wakati kupita, na awahifadhi vijana wetu popote walipo, juu ya ardhi na chini yake. Amin.

Wallahu a’lam.